Jaguar E-Type 3.8 au 4.2: uchukue ipi?

Simamisha E-Type ya mwaka 1963 kando ya ile ya mwaka 1965, zote za wazi, zote zimefungwa boneti, na mtu asiyezifahamu atakuambia ni gari lile lile. Boneti ndefu haina tofauti, taa za mbele zimefunikwa kwa vioo vile vile, na mkia umechongoka vile vile. Ukizunguka nyuma ndipo utaona kwenye mlango wa buti la ile ya pili maandishi madogo: 4.2. Ile ya kwanza ina injini ya lita 3.8. Kwenye minada ya Uingereza na Marekani ile kongwe ndiyo inayoimbwa zaidi, hasa zile za miezi ya mwanzo, na wauzaji hawaoni haya kuongeza bei kwa sababu tu ilitangulia.

Mimi ningechukua 4.2. Nalisema mapema ili usome yanayofuata ukijua naegemea wapi. Lakini yupo mtu ambaye 3.8 ndiyo gari lake hasa, na ipo 3.8 ambayo hata mimi ningeinunua nikaiacha 4.2 iliyoegeshwa jirani yake.

Zilikotoka

E-Type ilionyeshwa kwa waandishi wa habari mjini Geneva tarehe 15 Machi 1961. Waliotaka kupanda na kujaribu walikuwa wengi kuliko magari yaliyokuwapo, hivyo William Lyons, mwenye Jaguar, akaagiza liletwe jingine haraka. Norman Dewis, dereva wa majaribio wa kampuni, aliondoka Coventry, kilipo kiwanda, na kuendesha usiku kucha hadi Uswisi. Majarida ya Uingereza, Autocar na The Motor, yalipolipima gari yalipata kasi ya maili 150 kwa saa, pungufu au zaidi kidogo, yaani karibu kilomita 241. Magari yale ya majaribio yalikuwa yametayarishwa kwa uangalifu kuliko ya wateja, kwa hiyo usimdai muuzaji wako kasi hiyo. Kilichowaumiza washindani zaidi ni bei: takriban pauni 2,100 na kodi ndani yake, wakati Aston Martin DB4 iliuzwa karibu mara mbili ya hapo.

Umbo ni kazi ya Malcolm Sayer, aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni ya ndege ya Bristol. Mikunjo ya bodi aliitafuta kwa hesabu, na ndivyo alivyofanya pia kwa D-Type, gari la mashindano lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1955, 1956 na 1957. Kutoka kwa D-Type ulikuja pia muundo. Sehemu anapokaa dereva ni sanduku la mabati yaliyochomelewa, bila chesisi chini yake. Mbele ya sanduku hilo imefungwa kwa bolti fremu ya mabomba ya chuma ya pembe nne, nayo ndiyo inayobeba injini na miguu ya mbele. Nyuma, kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake; difu, breki, springi nne na shokapu nne zimekusanywa ndani ya fremu moja ya chuma iliyoshikwa kwenye bodi kwa raba. Magari mengi ya michezo ya Uingereza wakati huo yalikuwa bado na ekseli ngumu nyuma, ile ambayo gurudumu la kushoto likikanyaga shimo, la kulia nalo linapata habari.

Haya yote yamo ndani ya 3.8 na ndani ya 4.2 pia. Kwa hiyo ulinganisho hauko kwenye sura wala kwenye namna gari linavyoshika kona. Uko kwenye yale ambayo Jaguar waliyarekebisha Oktoba 1964 baada ya kusikia malalamiko ya wateja kwa miaka mitatu na nusu.

Injini

Injini yenyewe ni XK. William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily waliichora wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwenye zamu za usiku za kulinda kiwanda dhidi ya moto wa mabomu, na Harry Weslake akasaidia kwenye silinda hedi. Watu waliiona mara ya kwanza mwaka 1948 ndani ya XK120, gari la michezo la Jaguar. Ina silinda sita kwa mstari, bloku ya chuma, hedi ya alumini na kamshafti mbili juu. Ilidumu kiwandani hadi mwaka 1992, ikimalizia siku zake kwenye limuzini ya Daimler, na toleo lake jingine likaendesha kifaru chepesi cha Scorpion cha jeshi la Uingereza. Ukiambiwa injini hii ni dhaifu, anayekuambia amekutana na moja iliyotelekezwa.

Katika E-Type ya kwanza ina ujazo wa cc 3,781, na kipenyo cha silinda ni milimita 87. Ya pili ina cc 4,235, kipenyo kikiwa milimita 92. Bloku haikurefushwa. Wahandisi walizisukuma silinda za pembeni kuelekea nje na za katikati wakazibananisha, ilhali hedi ilibaki na vipimo vyake vya zamani. Matokeo yake vyumba vya mwako havikai katikati kamili ya silinda. Kwenye karatasi inaonekana kazi ya kulipua, lakini barabarani haina dosari yoyote unayoweza kuihisi.

Jaguar walitangaza nguvu farasi 265 kwa zote mbili, kwa vipimo vya enzi zile ambavyo vilikuwa vya ukarimu. Kilichoongezeka ni nguvu ya kuvuta, kutoka Nm 353 hadi 384. Unaiona pale unapotaka kulipita lori mlimani bila kushusha gia: 4.2 inaondoka tu. 3.8 inataka izungushwe zaidi, na ikizungushwa inapanda kwa wepesi na ulaini ambao kubwa yake haina. Wapenzi wa 3.8 wanaposema injini yao ni tamu zaidi hawadanganyi.

Kwa ugonjwa, kila moja ina wake. 3.8 inakula oili zaidi. Pistoni na ringi za 4.2 zilibadilishwa kwa sababu hiyo. 4.2 nayo, kwa kuwa silinda zake zimebanana, inaweza kupata nyufa kati ya silinda na silinda, hasa gari likiwa limewahi kuchemsha likaendeshwa hivyo hivyo. Kabla ya kulipa, bloku ipimwe kwa presha. Zote mbili huvujisha oili sehemu ya nyuma ya kranki. Tone moja moja chini ya gari lisikutishe; dimbwi ndilo linalohitaji kujadiliwa kwenye bei.

Gia boksi

Hapa ndipo ninapoachana na 3.8.

Gia boksi yake ni ya kampuni ya Moss, muundo ambao Jaguar walikuwa wakiutumia tangu miaka ya 1940. Ina gia nne. Ya kwanza haina sinkromeshi, kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa meno ya gia ili yaingiane bila kugongana, na zile tatu zilizobaki zina sinkromeshi isiyopenda haraka. Ukitoka ya pili kwenda ya tatu lazima mkono usubiri kidogo katikati, la sivyo meno yanalalamika kwa sauti ambayo abiria wote wataisikia. Kurudi gia ya kwanza gari likiwa linatembea ni mpaka ukanyage klachi mara mbili na kupiga mafuta kidogo katikati, ufundi ambao madereva wa malori ya zamani wanaujua na vijana wengi wa leo hawajawahi kuuona. Gia ya kwanza pia inalia kama mashine ya kusaga, hata ikiwa nzima kabisa.

Wapo wanaolipenda hilo. Wanasema gia boksi ya Moss inamfundisha dereva adabu, na ukishaizoea kila badiliko lililokaa sawa linakupa raha. Nakubali kwa barabara tupu ya asubuhi. Kwa foleni ya jioni, simama twende, simama twende, nakataa.

Gia boksi ya 4.2 ilitengenezwa upya na Jaguar wenyewe. Ina gia nne, zote zina sinkromeshi, inaingia kwa mkono mwepesi, na klachi yake ni laini zaidi. Hakuna badiliko jingine la mwaka 1964 lililoligeuza gari kiasi hiki. Mtu aliyezoea kuendesha gari lolote la kisasa la gia za mkono ataondoka nalo bila darasa.

Jambo moja lichukue kwa zote mbili: kubadilisha klachi maana yake ni kushusha injini. Gia boksi haitoki peke yake. Inatoka pamoja na injini. Kwa hiyo unapojaribu gari, ikiwa klachi inateleza, hesabu gharama ya kazi hiyo nzima, si ya sahani ya klachi tu. Na kwa kuwa injini itakuwa nje, hiyo ndiyo nafasi ya kushughulikia sili ya nyuma ya kranki.

Breki, viti, umeme

Zote zina diski nne za Dunlop. Jaguar ndio walioonyesha dunia faida ya diski pale Le Mans mwaka 1953, hivyo ungetarajia E-Type ya kwanza isimame vizuri. Diski hazina shida. Shida iko kwenye kisaidizi cha breki cha 3.8, kinachofanya kazi kwa mvukuto na kumpa dereva pedali ngumu isiyompa uhakika. 4.2 ilipewa kisaidizi kingine, cha Lockheed, na pedali ikawa na maana. Diski za nyuma katika zote mbili hazikai kwenye magurudumu. Ziko katikati, zimeshikana na difu. Uzito wa gurudumu unapungua na gari linatulia, lakini fundi anakulaani, maana kuzifikia ni kazi, na joto lake hupika sili za difu zikaanza kuvujisha oili kwenye diski. Muulize muuzaji lini breki za nyuma ziliguswa. Akisita, umeshapata jibu.

Viti vya 3.8 ni vyembamba, vina mgongo wa duara, vinapendeza kwenye picha. Baada ya safari ndefu kiuno chako kitakuwa na maoni yake. Vya 4.2 ni vipana na mgongo unarekebishika kidogo. Mtu mrefu aziogope zaidi zile za mwanzo kabisa, zilizotengenezwa kabla ya mwanzoni mwa 1962: sakafu yake ni bapa, hakuna shimo la kuwekea visigino, na magoti yanakutana na usukani. Ajabu ya soko ni kwamba hizo zenye sakafu bapa, zisizokalika vizuri, ndizo ghali kuliko zote.

Ndani, 3.8 nyingi zina alumini yenye nakshi katikati ya dashibodi, na 4.2 ina dashibodi nyeusi isiyo na mbwembwe. Hapa 3.8 inashinda, na sioni haja ya kubishana.

Umeme: 3.8 ina dainamo, na waya wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Ukimpa fundi asiyejua afunge redio au taa ya kisasa, ataunguza kitu. 4.2 ina altaneta, na hasi ndiyo iko kwenye bodi kama gari la kawaida. Pampu ya mafuta ya 3.8 imezamishwa ndani ya tangi; ya 4.2 iko nje, inafikika. Kwa mtu atakayelitumia gari mbali na mafundi wanaolijua, mambo haya madogo ndiyo yanayoamua kama atafika nyumbani.

Joto

Mdomo wa boneti wa matoleo haya mawili ni mdogo, Sayer aliutaka hivyo ili hewa ipite vizuri juu ya gari, na rejeta inapumua kwa shida pale gari linaposimama. Feni ni ya umeme. 3.8 ina sifa mbaya ya kuchemsha kwenye foleni. 4.2 iliboreshwa, lakini usidhani imepona kabisa. Kwa yeyote anayeishi kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, rejeta mpya na feni yenye nguvu zaidi ni matengenezo ya wiki ya kwanza. Rejeta na feni za zamani zitunze stoo.

Kutu

Yote niliyoyaeleza hadi hapa yanarekebishika kwa pesa inayojulikana. Kutu haina bei inayojulikana.

Kumbuka kwamba gari halina chesisi. Vizingiti vilivyo chini ya milango ndivyo vinavyolishikilia lisikunjike, hasa lile la wazi lisilo na paa la kusaidia. Maji huingia ndani ya vizingiti yakakaa, bati likaoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona alama, ndani kumeshakwisha. Fungua mlango, uunyanyue, uufunge. Angalia nafasi kati ya mlango na bodi: ikiwa ni finyu juu na pana chini, gari limeanza kulegea katikati, au lilichomelewa vizingiti vipya bila kushikiliwa vizuri. Pitisha sumaku kwenye sakafu, kwenye vizingiti na kuzunguka magurudumu ya nyuma. Pasiposhika, kuna kitu kimejazwa chini ya rangi.

Kisha fungua boneti, ambayo inafunguka yote kuelekea mbele, na uikague fremu ya mabomba kwa tochi. Mabomba ni membamba. Tafuta nyufa kwenye maungio, alama za kuchomelewa na kutu chini ya betri. Fremu ikiwa na ufa, dawa ni kuibadilisha. Wanaoichomelea tena kienyeji huiharibu, kwa sababu chuma chake hakikukusudiwa moto wa namna hiyo. Faraja ni kwamba imefungwa kwa bolti, inatoka, na fremu mpya zinatengenezwa hadi leo, kama spea nyingine nyingi za gari hili.

Hapa ndipo lile nililolisema mwanzoni linapokuja. Kati ya 4.2 iliyopakwa rangi inayong'aa juu ya vizingiti vya mashaka, na 3.8 iliyochakaa viti lakini bodi yake ni kavu na imenyooka, nunua 3.8. Gia boksi utaibadilisha kwa siku chache. Bodi iliyopinda itakula miaka.

Usukani upande gani

Sehemu kubwa ya E-Type ziliuzwa Marekani, kwa hiyo nyingi zina usukani kushoto. Kwa msomaji wa Kongo, Rwanda, Burundi au Oman hiyo ni neema: soko ni pana, na magari yaliyokaa California yana kutu kidogo. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda utataka usukani wa kulia, na hapo unashindana na Waingereza wenyewe. Kuhamisha usukani kunawezekana, na wengi wamefanya, ila hakikisha umeambiwa. Namba ya chesisi haifichi. Kwa 3.8 za wazi, zenye usukani wa kulia zinaanzia 850001 na za kushoto 875001. Zenye paa zinaanzia 860001 na 885001. Za 4.2 zinaanza na 1E. Injini ya 3.8 ina namba inayoanza na R, ya 4.2 inaanza na 7E. Muuzaji akikuambia gari ni 3.8 halisi na injini inasoma 7E, mazungumzo ya bei yaanze upya. Jaguar Daimler Heritage Trust ya Uingereza hutoa cheti kinachoonyesha gari lilitoka kiwandani lini, na rangi gani, na injini namba ngapi. Ni malipo madogo ukilinganisha na hasara ya kudanganywa.

Kabla ya yote hayo, uliza sheria za nchi yako kuhusu umri wa gari linaloingizwa. Kenya, kwa mfano, kwa magari ya kawaida hairuhusu yaliyozidi miaka 8. Kwa aliye Nairobi, maonyesho ya kila mwaka ya Concours d'Elegance ni mahali pazuri pa kukutana na watu wenye magari ya zamani na kuuliza wanamtumia fundi gani.

Na zile za baadaye?

Kwa ufupi. Mwaka 1967 vioo vya taa viliondolewa kwa ajili ya sheria za Marekani. Series 2, iliyokamilika mwaka 1968, ina mdomo mpana, feni mbili na breki bora zaidi. Kwa nchi ya joto ni chaguo la akili, ingawa uso umepoteza makali, na zile za soko la Marekani zilipunguzwa nguvu kwa kupewa kabureta mbili badala ya tatu. Series 3 ya mwaka 1971 ni gari jingine: V12 ya lita 5.3, usukani mwepesi wa pawa, na urefu ulioongezeka kati ya magurudumu ya mbele na nyuma. Inafaa kwa safari ndefu na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko Series 1, yaani hizi mbili tunazolinganisha, lakini inakunywa mafuta bila huruma. Ile ya 2+2 yenye viti vidogo nyuma, iliyoanza mwaka 1966, inanyanyua paa na kuharibu mstari wa Sayer. Kama una watoto, vumilia.

Ukishaamua ni 3.8 na hutaki kusikia la mtu, fanya mambo matatu ndani ya mwaka wa kwanza: rejeta na feni, kisaidizi cha breki, na gia boksi. Ya 4.2 inaweza kuingia kwa marekebisho kidogo, na zipo za kisasa za gia tano zinazotengenezwa mahsusi kwa gari hili, ambazo zinapunguza kelele na mafuta kwenye barabara kuu. Ile ya Moss isafishe, ipake oili, iweke kwenye sanduku na uandike namba yake kwenye nyaraka za gari, kwa sababu mnunuzi atakayekuja baada yako ataiulizia kabla hajauliza kitu kingine.